Waliokuja Kutazamwa

Kazi yangu ni vichwa vya watu. Nasuka hapa Bariadi mjini, kwenye kibanda cha mabati nilichokipaka rangi ya waridi, kina viti viwili, benchi la wanaosubiri na kioo kirefu kilichoegeshwa ukutani. Nalisema hili mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa tuendelee: ndiyo, nashinda nimeshika vichwa vya wenzangu, na changu mwenyewe ndicho kilichonishinda.

Kilianza nikiwa msichana, kwetu Mwamapalala. Kikinishika kilinishika upande mmoja tu, nyuma ya jicho la kushoto, kikigonga kama mtu anatwanga mtama humo ndani. Mwanga ulinichoma, sauti ya ndama ikanichoma, nikatapika hadi nyongo. Bibi alinifunga kichwa kwa kanga, akaikaza mpaka masikio yakaziba. Siku nyingine aliitwa mzee mmoja akanichanja kwa wembe kwenye kipaji, akapaka dawa nyeusi. Alama bado zipo, nazifunika kwa nywele za mbele. Kesho yake niliamka mzima, nikaenda kuchuma pamba kama wengine, na hakuna aliyeniuliza kitu. Kule ukisema kichwa kinakuuma unaambiwa ni jua, au ni uvivu.

Mambo yalibadilika baada ya kuzaa mtoto wangu wa pili. Kabla ya maumivu kikaanza kutangulia kitu kingine. Kwanza nilisikia harufu ya mabua ya pamba yanayochomwa, hata masika, wakati mashamba yote ni tope na hakuna wa kuchoma chochote. Kisha kilitokea kidoa kidogo cha mwanga mbele ya macho, mfano wa mng'ao wa bati jipya saa sita mchana. Kidoa kilitanuka, kikaota meno kama msumeno, kikatambaa taratibu kuelekea pembeni. Na kilikopita hakikuacha giza. Giza ningelielewa. Kiliacha hakuna. Ukuta ulikuwepo, kisha ukaishia mahali, na baada ya hapo hapakuwa na ukuta wala pengo la ukuta.

Siku kilipotokea nikiwa kazini, kwenye kiti alikaa mke wa mfanyabiashara wa mpunga, mama mnene mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Nilikuwa namsuka huku namwangalia kwenye kioo tukiteta habari za mjini. Nikainua macho, nikaona uso wake umeishia puani. Jicho moja, shavu moja, nusu ya kicheko. Upande wa pili nikaona rangi ya waridi tu ya ukuta, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kukaa pale.

Ningenyamaza. Lakini mdomo wangu haujui kunyamaza, nikasema, "Dada, leo upande wako mmoja sikuoni kabisa."

Wanawake wa kwenye benchi wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Nikammalizia nywele kwa kupapasa, nikafunga duka, nikaenda kulala na kitambaa cha maji usoni.

Wiki haikwisha, yule mama alianguka nyumbani kwake akitoa maji kisimani. Upande mmoja wa mwili ukafa palepale. Waliotoka kumwona hospitali walisema mdomo umekwenda pembeni na jicho moja halifungi. Tukamzika.

Msibani nilikaa na wanawake kwenye mikeka, na nikaona kila ninapogeuka kuna anayeinamisha kichwa. Wale wa kwenye benchi walikuwa wameshasema. Hapa mjini habari haihitaji pikipiki.

Baada ya hapo ukaanza upuuzi ambao mpaka leo sijui niucheke au niulie. Watu wakaanza kuja saluni wasisuke. Wanaingia, wanasalimia "mwadila" kwa adabu zote, wanakaa kwenye kiti, wanaelekea kioo na kusema, "Dada, nitazame tu." Akaja mchuuzi wa ng'ombe, mwanamume wa miraba minne ambaye nadhani hajawahi kuingia saluni ya wanawake tangu azaliwe. Alikaa, akaweka fimbo yake magotini, akavua kofia.

"Nitazame, mayu," akasema, akiniita mama.

"Nikutazame nini, baba? Mimi nasuka nywele, na wewe una upara."

"Wewe nitazame."

Nikamtazama. Alikuwa mzima, na sikio lake lililokatika kipande. Nikamwambia namwona wote. Akashusha pumzi, akatoka, na jioni nikaletewa jogoo.

Hao walionijia walikuwa afadhali. Wengine waliacha kupita mbele ya duka langu. Na wapo waliopita kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, nao walipofika usawa wa mlango walivuta kanga wakafunika nusu ya uso. Nawaza mpaka leo kile kitendo. Walikuwa wananifichia upande, kama mtu anavyomficha mbwa chakula. Nikiwa na kichwa kizima kabisa, nikinywa chai yangu, naona mlangoni zinapita nyuso nusu nusu, moja baada ya nyingine, mchana kweupe.

Mimi niliogopa kuliko wao. Nisiwadanganye, niliogopa sana. Harufu ya mabua ikianza tu, nilifumba macho na kuingia ndani nikipapasa ukuta, nisije nikawaona wanangu. Mdogo alidhani ni mchezo, akawa ananijia mbele na kunivuta mikono: "Mama, fumbua, mimi ndiye." Sikufumbua. Nilimsukuma mtoto wangu pembeni kwa sababu ya uso wake.

Mama mkwe wangu anakaa Kasoli, analima pamba na mpunga kidogo. Jumapili hakosi misa, na akirudi misa hakosi kumwaga pombe kidogo kwenye mlango kwa ajili ya wazee waliotangulia, na ukimwuliza imekuwaje atakuuliza wewe kwani imekuwaje. Habari zangu zilimfikia, akapanda gari akaja. Nikapiga magoti kumsalimia, macho chini, kama ilivyo desturi. Mke wa mtoto wako hakukodolei macho, na tangu nimeolewa uso wa yule mama nilikuwa nauona kwa vipande, nikimpa maji, nikipokea mzigo.

"Kwenu kulikuwa na mfumu?" akaniuliza.

Nikasema alikuwepo shangazi wa baba, aliyekuwa akiagua watu, alikufa mimi sijazaliwa.

"Basi ndiye huyo. Masamva wamekuchagua. Kichwa hiki hakitapoa mpaka uitike."

Masamva ni hao wazee wetu waliokufa, na wakimtaka mtu humwita kwa ugonjwa. Mama mkwe alikuja na mpango kamili. Pamba ikishauzwa itapikwa pombe, nitavishwa shanga nyeupe, nitapelekwa kwa mfumu mkubwa nifundishwe, na nikirudi nitatazama watu kwa heshima, si kwenye kibanda cha waridi chenye harufu ya dawa za nywele. Alizungumza kwa upole, bila kunitisha, na hilo ndilo lililonitisha. Mume wangu, fundi wa mageti, mtu wa chuma na moto, alikaa anakwangua rangi kwenye kucha. Nikajua ameshakubali.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kichwa kipone, nibaki msusi. Sikutaka kuwa mtu wa kuogopwa. Kwetu huku mwanamke anayeogopwa akizeeka hana usalama, na kila mtu anajua ninachosema. Leo wanakuletea jogoo, kesho mtu akifa wanauliza wewe ulimtazama lini.

Nikaenda hospitali, kimyakimya. Tabibu aliyenipokea alikuwa dada mdogo kuliko mimi, kasuka twende kilioni iliyofumuka, mikono yangu ikawa inawasha kuirekebisha. Nikamweleza yote isipokuwa habari za yule mama wa mpunga. Akanimulika macho, akanishika shingo, akanigonga magoti, akaniambia nitembee, ninyooshe mikono, nitabasamu. Kisha akaniambia nina kipandauso. Akaeleza kwamba kwa baadhi ya watu, kabla ya maumivu, kuna kitu kama wimbi kinachopita polepole kwenye ubongo, sehemu ile ya nyuma inayohusika na kuona, na kinapopita sehemu hiyo inazimika kwa muda. Hata harufu isiyokuwepo huweza kuja namna hiyohiyo.

"Kwa hiyo huo upande unaopotea," akasema, "haupotei kwa unayemtazama. Unapotea kwako."

Sijui kama nilifurahi. Nadhani nilijisikia kama mtu aliyeambiwa mwizi aliyekuwa akimsaka yumo ndani ya nyumba.

Kisha akaniuliza nameza nini. Nikamwambia: hivi vyeupe, na vile vya rangi mbili vya dukani, kila asubuhi kimoja kabla hakijaanza, jioni vingine. Akatikisa kichwa. Akasema dawa za maumivu ukizimeza karibu kila siku, zenyewe zinageuka kuwa chanzo, kichwa kinauma kwa kuzidai. Kumbe mimi nilikuwa nakilisha kile kichwa! Akanipunguzia, akanipa kidonge kingine cha kumeza kila jioni, cha kuzuia, akaniambia kitachelewa kufanya kazi nisikate tamaa. Nisipitishe mlo. Ninywe maji. Nilale na kuamka saa zilezile hata siku za mabibi harusi. Nifungue madirisha ninapoweka dawa za nywele. Kikianza, nimeze mapema mara moja, nilale gizani, nisisubiri kishike kasi. Na akaniambia kipo kichwa cha namna nyingine ambacho si cha kulalia: kinachokuja ghafla kwa nguvu, au kipya kwa mtu mzima ambaye hakuwa nacho, au kinachoambatana na mkono kufa ganzi, ulimi kuwa mzito, uso kulegea. Hicho mtu akimbizwe hospitali, hata kama baada ya muda kidogo anasema amepoa.

Majuma ya kwanza bila vidonge vyangu yalikuwa mateso, nilimgombeza kila mtu mpaka kuku. Baadaye pakatulia. Mashambulizi yakapungua, harufu ikapotea, nikaanza kuwatazama wanangu. Nilimwita yule mdogo, nikamkalisha mbele yangu, nikamtazama uso mpaka akachoka akakimbia.

Ungedhani watu wangefurahi. Wapi! Mjini wakasema nimezibwa. Walisema hospitali wamenipa dawa ya kunifumba, na mama mmoja aliniambia usoni kwamba nina roho mbaya, nimepewa kitu cha kuwasaidia watu nimekimeza na maji. Mama mkwe alituma ujumbe kwamba pombe itapikwa vilevile.

Msimu wa kuuza pamba ulipofika, mume wangu akasema twende Kasoli tukamsaidie. Tulimkuta barazani, ameketi kando ya lundo, anatenga pamba safi na pamba fifi. Nikapiga magoti, macho chini, nikasalimia. Akaitika kwa sauti nzito. Nikaona mikono yake. Aliyekuwa hodari kuliko sisi sote sasa alikuwa anatupa pamba yenye doa kwenye lundo safi, na hajui.

Mume wangu akamwuliza kama anaumwa. Akasema ni kichwa tu, kisogoni, kimemshika tangu waanze kuchuma, yeye ambaye maisha yake yote hajawahi kuumwa kichwa. Akasema na jana kikombe kilimtoka mkononi, mkono ukakataa, ulimi nao ukakataa, halafu vyote vikarudi. Alieleza kama mtu anayeeleza mvua iliyopita.

Nikayakumbuka maneno ya tabibu. Nikasema, "Mayu, twende hospitali leo. Sasa hivi."

"Hospitali ya nini, na wewe upo?"

Akanisogelea. Akaweka kidole chini ya kidevu changu, akauinua uso wangu. Tangu niolewe hajawahi kunigusa usoni.

"Nitazame."

Mume wangu akaacha kufunga gunia. Nikamtazama mama mkwe wangu, kwa mara ya kwanza, wote. Macho mawili ya rangi ya kahawia. Kovu dogo juu ya mdomo ambalo sikuwa nalijua. Nywele nyeupe zilizotokeza kwenye kilemba, ambazo zingehitaji mafuta. Hakukosekana kitu. Alikuwa mzima kama siku alivyoumbwa, na nilijua hilo halina maana yoyote, na nilijua nikilisema atarudi kwenye pamba yake na atakufa.

Naye alishaanza kutabasamu. Alishaliona jibu usoni kwangu.

"Upande wa kulia, mayu," nikasema. "Sikuoni. Haupo."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilikaa pale limesahaulika. Halafu akaondoa kidole kidevuni pangu, akapangusa nyuzi za pamba kwenye magoti, akaingia ndani kuchukua kitenge cha kujifunika. Aliporudi alimwambia mwanawe atafute gari. Mimi hakuniangalia.

Hospitali walimpima presha, wakadhani mashine mbovu, wakaleta nyingine. Ikasema vilevile. Akalazwa siku hiyohiyo. Nilikaa nje kwenye sakafu, mume wangu akaniwekea koti lake mabegani na akasema, "Kumbe bado unaona." Nikafungua mdomo nimweleze. Mle ndani mama yake alikuwa amelala amekubali sindano kwa sababu moja tu, na ningeiondoa hiyo sababu asingebaki hata asubuhi ifike. Nikaufunga.

Basi nikawa nimejiozesha mwenyewe kwa kazi ileile niliyoikimbia. Mama mkwe alipona, anameza dawa zake, na kila aliyemtembelea amesimuliwa. Foleni ikarudi kwenye kibanda changu kubwa kuliko mwanzo. Wanatoka Itilima, wanatoka Maswa huko Sola, wanakaa mbele ya kioo. Nimejifunza namna ya kuwafanya. Mtu mzima wa umri akikaa pale namtazama sana, nakunja uso, nasema, "Sikio lako moja linafifia. Nenda hospitali wakupime presha, ukirudi nitakutazama tena." Wanakimbia, wallahi! Yule tabibu dada alinipigia simu siku moja akaniuliza kwa nini nusu ya wagonjwa wake wanasema wametumwa na msusi. Nikamwambia aje nimsuke bure.

Sherehe ya shanga sijaikubali. Kila mwaka nina sababu. Mama mkwe amehamia kwetu mjini awe karibu na kliniki, na mchana huja saluni, huketi kwenye benchi akichambua mboga, akiwakagua wanaoingia. Hatuzungumzii siku ile ya Kasoli.

Majuzi palikuwa na harusi mfululizo. Sikulala vizuri, sikula mchana, na alasiri nikajikuta napiga miayo isiyokwisha na shingo imekaza. Nazijua dalili hizo. Nilikuwa namsuka bibi harusi, nikasema nimalizie mistari iliyobaki kisha nimeze dawa nikalale. Mwanga ukaja, ukaota meno, ukapita. Nikageuka kuchukua chanuo, nikamwona mama mkwe kwenye benchi.

Upande wake wa kulia haukuwepo. Jicho moja la kahawia, nusu ya kilemba, mkono mmoja umeshika kisu juu ya sinia. Kwingine kote waridi.

Najua ni nini. Naijua njia ya hilo wimbi, najua linakaa kwa muda gani, nalijua jina lake, nina kidonge chake mfukoni. Nilivijua vyote hivyo nikiwa nimesimama pale, na bado nikaogopa.

Alikuwa ananitazama kwa jicho moja. "Kimekuja," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Unanionaje?"

"Nakuona mzima, mayu. Wote."

Akaendelea kunitazama. Nikaacha kichwa cha bibi harusi, nikaenda nikakaa kwenye benchi pembeni yake, nikanyoosha mkono kule kusikokuwa na kitu. Nikapapasa hewani, nikagusa kitenge, nikashuka nacho mpaka nikaupata mkono wake wa kulia.

"Kama unaniona wote, ng'wana wane," akasema polepole, akiniita mwanawe, "mbona unanipapasa?"

Mkono ulikuwa na joto, nikaushika kwa mikono yangu miwili.